Mama Mwajiriwa, Jihurumie na Udai Haki Yako

Juma lililopita msomaji mmoja aliniandikia kwamba amerudi kazini baada ya likizo ya uzazi, kwamba kila ifikapo saa nne asubuhi maziwa humjaa hadi blauzi ikalowa, na kwamba hujifungia chooni akayakamulia kwenye sinki huku akijiona mama asiyefaa kitu. Nataka kumjibu kwa kirefu, kwa sababu yaliyomfika yalinifika.

Nilipoanza kumwacha kifungua mimba wangu na dada wa kazi, upande wa upole niliuweza mapema. Mwanasaikolojia Kristin Neff wa Chuo Kikuu cha Texas, ambaye maandishi yake kuhusu kujihurumia yalianza kujulikana mwaka 2003, anafundisha kwamba mtu ajitendee wema, akumbuke kuwa hayuko peke yake katika mateso, na ayatazame maumivu yake bila kuyakuza wala kuyakana. Jioni nilijifunga kanga, nikanyonyesha bila kugusa simu, nikajisemesha kama ambavyo mama yangu angenisemesha. Nilitulia kweli, ila saa za kazi zilibaki zilezile na kesho yake blauzi ililowa tena.

Neff huyohuyo anasisitiza kwamba huruma ina upande wa pili, wa kujilinda na kudai. Hapa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama likizo ya uzazi yenye malipo ya siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa wakati mmoja, na akisharudi inamtaka mwajiri amruhusu kunyonyesha hadi saa mbili kwa siku ndani ya muda wa kazi. Niliandika barua, nikataja kifungu cha 33, nikaomba kutoka saa tisa. Msimamizi wangu aliisoma akiwa amesimama, akauliza mbele za watu kama ofisi imegeuka kliniki. Maneno hayo yananichoma hadi leo, sitaficha. Nilimwomba kwa adabu anijibu kwa maandishi. Jibu likaja, na lilikuwa la kukubali.

Basi, mdogo wangu, usikae ukingoja kuonewa huruma. Wanawake tumezoezwa kuvumilia hata pale ambapo sheria imeshatuondolea sababu ya kuvumilia. Usiku jisemeshe kwa upole, asubuhi peleka barua: iwe fupi, itaje kifungu, na ubaki na nakala iliyogongwa mhuri wa masjala. Atakayenuna ofisini, msalimie tu unapotoka.