Mtoto wetu na mahasimu wake: majibu ya barua zenu

Wiki mbili zilizopita niliandika hapa kwamba si kila mhafidhina wa Marekani aliyempinga Barack Obama alipokuwa Ikulu alikuwa mbaguzi wa rangi, na kwamba baadhi yao walikuwa na hoja ambazo sisi huku tuliziba masikio tusizisikie. Simu yangu haijapoa tangu siku hiyo. Ujumbe wa matusi nimeufuta. Uliobaki ndio huu.

"Mzee, umelipwa na nani? Walimchukia kwa sababu ni mweusi na babake ni Mjaluo. Hoja gani tena?" Msomaji, Kisumu

Laiti ningelipwa, ndugu yangu, ningeezeka upya nyumba yangu. Na usidhani nilikuwa nje ya sherehe. Novemba 2008 nilikesha barazani na wenzangu tukihesabu majimbo tusiyoweza hata kuyatamka. Rais Kibaki alipotangaza tarehe 6 iwe sikukuu, sikumuuliza mtu kwa nini nchi nzima inapumzika kwa uchaguzi wa wenyewe. Mke wangu alinunua ile kanga yenye picha yake, iliyoandikwa "Upendo na amani ametujalia Mungu". Bia ya Senator nayo mitaani ilikuwa imeshaitwa Obama. Katika hali hiyo nani angesikiliza habari za nakisi ya bajeti?

Na ugomvi ulianzia hapo hapo, kwenye pesa. Februari 17, 2009 Obama alitia saini sheria ya kuinua uchumi yenye thamani ya dola bilioni 787. Katika Baraza la Wawakilishi hakuna Mrepublican, yaani mtu wa chama cha wahafidhina, hata mmoja aliyeipigia kura ya ndiyo. Kesho yake akatangaza mpango wa kuwasaidia wenye nyumba walioelemewa na mikopo. Siku iliyofuata, mtangazaji wa televisheni ya biashara aitwaye Rick Santelli alisimama katikati ya madalali wa soko la Chicago akafoka: nani hapa anataka kumlipia mkopo jirani aliyejijengea bafu la ziada na sasa hawezi kulipa? Akaitisha "Tea Party" ya Chicago, jina la wale waliotupa chai ya Waingereza baharini pale Boston mwaka 1773. Vuguvugu likashika moto.

Wewe umewahi kumdhamini mtu kwenye sacco, akahama mji, ukakatwa wewe? Basi hoja ya Santelli unaijua kwa mfuko wako. Unaweza kuikataa (mimi naikataa, kwa sababu benki zilizowasha moto ule ziliokolewa kwanza), lakini huwezi kusema haipo.

Ubaguzi haukuwepo? Ulikuwepo, tena wa wazi. Mabango mengine siwezi kuyaeleza hapa. Septemba 2009 rais mstaafu Jimmy Carter alisema sehemu kubwa ya ile chuki kali chanzo chake ni rangi. Obama mwenyewe alipoulizwa na mtangazaji wa televisheni David Letterman alijibu kwa utani kwamba alikuwa mweusi hata kabla ya uchaguzi. Wimbi hilohilo la Tea Party ndilo lililompeleka Tim Scott, mweusi wa South Carolina, bungeni mwaka 2010. Mwaka huo Warepublican waliongeza viti 63 katika Baraza la Wawakilishi, na baadhi ya waliowapa kura, miaka miwili nyuma walikuwa wamempa Obama.

Ukitia yote kapu moja, uchaguzi ule hutauelewa.

"Babu, shikamoo. Kuna mtu hapa kwetu anaapa kwamba Obama alizaliwa Coast General na cheti kipo. Ni kweli?" Mwanafunzi, Mombasa

Marahaba, mjukuu wangu. Cheti kilikuwepo, na ndicho kinachonichekesha mpaka leo. Agosti 2009 Orly Taitz, daktari wa meno na wakili wa California, alikipeleka mahakamani: cheti cha kuzaliwa cha Mombasa, chenye tarehe ya Februari 17, 1964, na juu yake maandishi "Republic of Kenya".

Umeshaona? Rudi darasa la nne. Jamhuri tunaiadhimisha tarehe ngapi? Kenya ilipata uhuru Desemba 12, 1963, ikawa jamhuri Desemba 12, 1964. Mwezi Februari mwaka huo mkuu wa dola alikuwa bado Malkia wa Uingereza. Aliyeghushi alijua Mombasa iko Kenya, hakujua zaidi. Na Agosti 1961, mtoto huyo alipozaliwa, ukanda huu wa Pwani kwa jina ulikuwa bado mali ya Sultani wa Zanzibar, Waingereza wakiuendesha. Mtoto yeyote wa shule ya msingi hapa Majengo angemwambia yule wakili akakifiche.

Alizaliwa Honolulu, Hawaii, Agosti 4, 1961, yaani ni raia wa kuzaliwa, kama katiba yao inavyomtaka rais awe. Magazeti mawili ya mji yalitangaza kuzaliwa kwake mwezi huohuo, na hakuna aliyekuwa na sababu ya kumpangia urais mtoto wa siku kumi. Aliyekuwa mkuu wa afya wa Hawaii alithibitisha kumbukumbu zake Oktoba 2008, chini ya gavana Linda Lingle, Mrepublican aliyekuwa akimpigia debe John McCain, mpinzani wa Obama katika uchaguzi ule. Hayo hayakutosha. Donald Trump alilivalia njuga suala hilo mwaka 2011, na Aprili 27 Obama akatoa cheti kirefu. Septemba 16, 2016 Trump, akiwa mgombea, alikuja kukiri kwa sentensi chache kwamba Obama alizaliwa Marekani.

Wahafidhina wenye akili walijua mapema kwamba habari hii ni uzushi, na wengine walisema. Wengi walikaa kimya kwa sababu iliwajazia mikutano. Kimya hicho kiliwagharimu: kila walipokuja na hoja ya deni au ya katiba, jibu lilikuwa, "Nyie si wale wa cheti cha Mombasa?" Na seneta Mrepublican Ted Cruz, aliyezaliwa Calgary nchini Kanada mwaka 1970 kwa mama Mmarekani, aligombea urais 2016 akibebwa na wapiga kura walewale wa Tea Party. Trump alijaribu kumwekea hilo jiwe njiani, wengine hawakuliona.

"Ni kweli kuna mmoja alimtukana Obama kwamba ana fikra za Mkenya mpinga ukoloni? Kwetu Kongo hilo si tusi." Msomaji, Bukavu

Ni kweli, kaka. Alikuwa Newt Gingrich, spika wa zamani wa Baraza la Wawakilishi, Septemba 2010. Alisema Obama haeleweki mpaka uielewe tabia ya Kikenya ya kupinga ukoloni. Huku kwetu mtu wa namna hiyo hupewa jina la barabara.

Sasa shika kiti. Gingrich alipata udaktari wa historia Chuo Kikuu cha Tulane mwaka 1971, na utafiti wake ulihusu nini? Sera ya elimu ya Wabelgiji nchini Kongo, 1945 hadi 1960. Yaani aliyajua. Alijua idadi ya wahitimu wa chuo kikuu waliokuwepo Kongo siku ya uhuru, ambayo nyinyi watu wa Bukavu mnajua ilivyokuwa ndogo. Mtu asiyejua ningemsamehe.

"Mwalimu, niko Minnesota mwaka wa kumi na mbili. Watu hapa husema McCain alikuwa muungwana kuliko wote. Unakubali?" Msomaji, Minneapolis

Tukio linalowafanya waseme hivyo lilikuwa hapo jirani na wewe, Lakeville, Oktoba 10, 2008. Mama mmoja mtu mzima akashika kipaza sauti akamwambia McCain hamwamini Obama, amesoma habari zake, ni Mwarabu. McCain alikuwa akitikisa kichwa kabla hajamaliza. Akakichukua kile kipaza sauti mkononi mwake taratibu, akasema hapana mama, ni mtu mwema, mtu wa familia, raia ambaye tunatofautiana naye kwenye mambo ya msingi. Alizomewa na watu wake mwenyewe siku ile.

Uungwana nakubali. Ila msomaji wangu mmoja wa Muscat aliwahi kuniuliza: kwani Mwarabu hawezi kuwa mtu mwema wa familia? Sijapata la kumjibu.

"Hapa Tanzania tumepata sheria ya bima ya afya kwa wote 2023 baada ya kuililia miaka. Mtu mzima anapingaje bima?" Mama, Dodoma

Alipinga kulazimishwa, dada. Sheria ya bima ya Obama ya Machi 2010 ilimtaka kila mtu awe na bima, asiye nayo alipe faini. Baraza la Wawakilishi liliipitisha kwa kura 219 dhidi ya 212, bila Mrepublican hata mmoja. Kwa mhafidhina, serikali inayoweza kukuamuru ununue kitu kwa sababu tu unapumua inaweza kukuamuru lolote.

Tatizo ni kwamba wazo lenyewe lilitoka nyumbani kwao. Heritage Foundation, taasisi ya wahafidhina, ililipendekeza mwaka 1989, na Mitt Romney alilifanya sheria Massachusetts mwaka 2006 akiwa gavana Mrepublican. Halafu akasimama 2012 kumpinga Obama kwa ajili yake! Na aliyeiokoa sheria hiyo katika Mahakama ya Juu mwaka huohuo, kwa kura tano kwa nne, ni Jaji Mkuu John Roberts, aliyeteuliwa na Bush.

Walikokuwa na haki ni kwenye ahadi. Obama alirudia mara nyingi kwamba ukiipenda bima yako utabaki nayo. Mwishoni mwa 2013 mamilioni ya watu walipokea barua kwamba bima zao zimefutwa. Hapo hakukuwa na ubaguzi wala nini. Mtu aliahidiwa, hakupewa, na rais akaomba radhi kwenye televisheni.

"Taja hoja moja tu ya wahafidhina unayoikubali wewe mwenyewe. Usikwepe." Msomaji, Arusha

Madaraka. Obama alifundisha sheria ya katiba Chuo Kikuu cha Chicago, na mwanzoni alipobanwa na watetezi wa wahamiaji alikuwa akiwajibu kwamba yeye si mfalme, hawezi kubadili sheria peke yake. Juni 2012 akawapa kinga ya kufukuzwa vijana walioingizwa nchini wakiwa watoto. Novemba 2014 akataka kuwapa na wazazi mamilioni wenye watoto raia au wakazi halali, mahakama zikamzuia. Moyoni nilifurahi kwa ajili ya wale vijana, na wengine ni watoto wa watu ninaowajua. Lakini hoja kwamba rais ameruka bunge ilikuwa hoja. Alipowateua maofisa bila kupitishwa na Seneti, akidai iko mapumzikoni, Mahakama ya Juu ilimwambia mwaka 2014 amekosea kwa kura tisa kwa sifuri, wakiwemo majaji wawili aliowateua yeye. Na Libya mwaka 2011 aliipiga mabomu bila idhini ya Congress, akisema ile haihesabiki kuwa vita. Waliokuwa Tripoli wangeshangaa kusikia.

"Na wafuasi wake je? Naona umewahurumia." Kijana, Zanzibar

Siku hizi tungewaita chawa, na wahafidhina waliwaita mabaya zaidi. Kampeni ya McCain ilitoa tangazo 2008 likimweka Obama pamoja na Britney Spears na Paris Hilton: maarufu, lakini anaweza kuongoza? Tulikasirika. Halafu Oktoba 2009, hajatimiza hata miezi tisa kazini, akapewa Nobel ya amani, na mwenyewe akaonekana kuona haya. Hapo waliokuwa wakicheka walicheka kwa haki.

Wakakosea walipowageuza wafuasi hao kuwa ombaomba. Romney alirekodiwa kwa siri mwaka 2012 akisema asilimia 47 ya Wamarekani watampigia Obama kura kwa vyovyote, kwa kuwa wanaitegemea serikali. Ikavumishwa pia kwamba anawagawia maskini "simu za Obama", ilhali mpango huo wa kuwapunguzia maskini gharama za simu ulianza 1985 enzi za Reagan na simu za mkononi zikaingizwa enzi za Bush.

"Uhuru alimjibu vizuri kuhusu ndoa za jinsia moja, ama?" Msomaji, Nairobi

Ikulu ya Nairobi, Julai 2015, alisema suala hilo kwa Wakenya si suala. Msilolitaja ni hili: mwaka 2008 Obama mwenyewe alisema ndoa ni ya mume na mke. Alibadilika Mei 2012, na mshauri wake David Axelrod alikuja kuandika kwamba ule msimamo wa kwanza ulikuwa wa kutafuta kura. Wahafidhina wa makanisa walikuwa wamelishuku siku zote.

"Wakosoaji haohao mbona wote walifyata mkia alipoingia wa kwao?" Msomaji, Dar es Salaam

Wengi, ndiyo. Mkuki kwa nguruwe. Deni la taifa lilikuwa kama dola trilioni 10.6 Obama alipoapishwa na 19.9 alipoondoka, na mikutano ya Tea Party haikukauka kwa ajili hiyo. Trump alipoondoka Januari 2021 lilikuwa limepita trilioni 27, na viwanja vilikuwa vitupu. Amri za rais zilizokuwa udikteta zikawa uongozi.

Wote, hapana. Jarida la National Review, lililomshambulia Obama kila toleo, lilitoa toleo maalumu la kumkataa Trump Januari 2016. Halafu kuna usiku wa Julai 28, 2017. Warepublican walikuwa wameahidi miaka saba kuifuta ile sheria ya bima, na sasa Seneti na Ikulu zilikuwa mikononi mwao. McCain, aliyeipigia kura ya hapana ilipotungwa, alikuwa ametoka hospitali na kovu bichi juu ya jicho. Madaktari walikuwa wamemkuta na saratani ya ubongo. Saa saba na nusu za usiku alisogea mbele ya meza ya makarani, akanyoosha mkono wa kulia, akangoja karani amtazame, kisha akageuza dole gumba chini. Upande wa Democratic ukaguna kwa mshangao, wengine wakaanza kupiga makofi, na kiongozi wao Chuck Schumer akawapungia mkono haraka wanyamaze.