Meza ya Vijisanamu: Askari wa Mwanza 1916 utamtoa wapi?

SWALI: Shikamoo mzee. Natengeneza diorama, yaani mandhari ndogo ya vijisanamu, ya Waingereza wakiingia Mwanza Julai 1916 katika Vita ya Kwanza, kwa kipimo cha 1/35 (kila kitu kidogo mara 35 kuliko cha kweli). Ardhi na mawe nimemaliza, nimekwama kwenye watu. Mtandaoni naona Wajerumani na Wamarekani wa Vita ya Pili tu. Askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waafrika chini ya Mwingereza) siwaoni, askari Waafrika wa Mjerumani siwaoni. Niendelee kutafuta au nibadilishe hawa waliopo?
Kijana wa Kashai, Bukoba

JIBU: Marahaba, mwanangu. Badilisha hao hao. Ukingoja boksi lenye picha ya askari wa KAR, kazi yako italala kabatini.

Usichague kijisanamu kwa nguo zake. Nguo hukwanguliwa kwa wembe na kujengwa upya kwa puti ya epoksi, ile ya kukanda inayouzwa maduka ya vifaa vya ujenzi. Tazama nyonga, mabega na shingo. Kazi yangu ni kutengeneza meno bandia, na kisu changu cha kuchongea nta ndicho kinachochonga vijisanamu jioni. Kisu hicho kinabadilisha kola, mfuko, hata uso, lakini mtu aliyechongwa akiwa amelala kifudifudi hakitamsimamisha.

Kwa KAR, tafuta boksi la kampuni ya Tamiya la askari wa miguu wa Jeshi la Nane la Uingereza, wale wa jangwani. Ni wa Vita ya Pili, ndiyo, lakini wamevaa kaptula, na bunduki yao ni Lee-Enfield fupi ya sentimita 113, aina iliyokuwepo tayari 1914. Kofia ya chuma ikate usawa wa nyusi, kisha jenga kofia ya duara ya kaki yenye kitambaa cha kufunika shingo.

Miguu ndiyo itakayokula muda wako, na ipe muda huo. Askari wengi wa KAR walitembea peku, miguu imefungwa vitambaa kutoka kifundoni hadi chini ya goti. Buti la kijisanamu lina urefu wa milimita 8 au 9. Unyayo wa mtu wa sentimita 25 kwa kipimo chako ni milimita 7. Punguza mbele na nyuma, ondoa kisigino chote, kisha chora vidole kwa ncha ya sindano puti ikiwa bado laini. Kidole gumba kitokeze kidogo pembeni, maana mguu usiozoea kiatu hutanuka mbele. Vitambaa vya miguuni fanya kwa maskintepu iliyokatwa vipande vyembamba. Anza kuzungusha kifundoni ukipanda juu, kila mzunguko ulalie nusu ya ule wa chini. Hivyo ndivyo askari wa miguu walivyofunga, na mtazamaji ataona tofauti hata asipojua ni nini alichokiona.

Askari wa Mjerumani mtambulishe kwa kichwa: tarbushi iliyovikwa kitambaa cha kaki, ndefu kuliko kofia ya KAR, na beji ya tai mbele. Bunduki ya boksini hapa haifai. Ile waliyopewa Wajerumani wa Vita ya Pili ina sentimita 111, sawa na milimita 32 kwa 1/35. Askari wengi wa huku walibeba Mauser za mwaka 1871. Ile ndefu ilikuwa kama sentimita 135, yaani milimita 38 na nusu. Ile fupi sentimita 124, yaani milimita 35. Ongeza mtutu kwa kipande cha waya wa shaba kutoka kwenye nyaya za umeme. Baruti yake ilikuwa nyeusi na ilitoa moshi mweupe mzito uliomfichua mpigaji, kwa hiyo ukimweka anayefyatua, weka na kipamba cha moshi.

Sasa niseme linaloniuma. Hujaniuliza kuhusu wapagazi, na hakuna anayeniuliza. Jeshi lile lilikula na kupiga risasi kwa sababu kuna watu walibeba, wakiwemo Wasukuma na Wanyamwezi, na wengi wao hawakurudi makwao. Ukiweka askari kumi bila mpagazi hata mmoja, hiyo si Mwanza ya 1916. Tafuta kwenye maboksi ya madereva na wapiga mizinga mtu aliyesimama wima akiinua mkono kupokea dumu au kombora. Mvue koti lote, mwachie kitambaa kiunoni, mpe kasha kichwani. Kabla hujakata, nenda sokoni ukawatazame wabebaji. Hapa Mwanza mimi huenda Kirumba Mwaloni wanapopakua magunia ya dagaa. Mgongo umenyooka kabisa, kidevu kimeshuka kidogo, hatua ni fupi, na mkono mmoja tu ndio unaoshika mzigo. Mwingine unaning'inia mbali na mwili kutafuta mizani. Goti likihitaji kukunjwa, kata pembe tatu ndogo kwa nyuma, likunje, gundisha.

Wale wanajeshi wa kijani wa plastiki laini wanaouzwa mitaani watumie kujifunzia mikao tu. Gundi haiwashiki na rangi inawabanduka.

Na nyasi zako zipake rangi ya majani makavu. Tarehe 14 Julai, Mwanza ilipotekwa, ni kiangazi huku.

SWALI: Ngozi ya askari wangu inatoka nyeusi tii, sura haionekani. Nifanyeje?
Msomaji, Musoma

JIBU: Weka nyeusi pembeni. Anza na kahawia iliyoiva yenye wekundu kidogo, isiyong'aa. Kivuli cha chini ya shavu na shingoni ongeza tone la bluu kwenye kahawia hiyo. Mwanga wa paji la uso, pua na mabega utoe kwa kuongeza rangi ya machungwa na kaki; nyeupe itamfanya aonekane amepakwa majivu. Macho usiyatie nyeupe tupu, tumia rangi ya maziwa. Mwisho gusa paji la uso kwa vanishi yenye mng'ao kidogo, mahali jasho linapokaa.