Rekodi za maunti zilizobaki kwenye seva ya NFS: nini cha kufuta na nini cha kuacha

NFS ni mfumo wa kushirikiana folda kupitia mtandao, na kumaunti ni kompyuta kuiunganisha folda ya seva kwake. Endesha showmount -a, amri inayoorodhesha waliomaunti, kwenye seva ya faili ya ofisi ya utalii hapa Arusha, au ya maabara ya kompyuta ya shule kule Moshi, na si ajabu ukute orodha ya mashine 40 wakati zilizowashwa ni 15. Wengi hukimbilia kuwasha seva upya. Haisaidii. Orodha hiyo imeandikwa kwenye diski, katika faili la /var/lib/nfs/rmtab, na seva ikirudi utaikuta palepale.

Lichukulie faili hilo kama kitabu cha wageni cha gesti. Katika NFS toleo la 3, kompyuta ikimaunti folda, rpc.mountd (programu ya seva inayopokea maombi ya kumaunti) humwandika mgeni, ikiaga, humfuta. Umeme ukikatika, mwanafunzi akizima mashine ukutani, au mtu akifunika laptopu na kuondoka nayo kwenda Serengeti, hakuna aliyeaga. Na DHCP (huduma inayogawa anwani za mtandao) ikiipa kompyuta ileile anwani nyingine kesho yake, inaandikwa upya kama mgeni mwingine.

Mstari mmoja huonekana hivi:

192.168.10.24:/srv/picha:0x0000000b

Namba ya mwisho ni hesabu ya maunti zilizoandikwa bila kufutwa, kwa heksadesimali (hesabu ya msingi wa 16): 0b ni 11. Umount moja hupunguza moja tu, zinabaki 10. Ndiyo maana mashine inaweza kuaga vizuri leo na mstari wake usitoke.

Kwenye Linux ya sasa mstari huo haumpi mtu ruhusa yoyote. Ruhusa inatoka kwenye /etc/exports, faili linalotaja folda na wanaoruhusiwa kuzitumia. Kwa hiyo kuufuta hakumtoi anayetumia folda, na kuuacha hakumfungulii mlango aliyeondoka. Hasara yake ni kupotosha fundi.

Upotoshaji mbaya zaidi uko upande wa pili: orodha ikiwa tupu. Mashine inayomaunti kwa NFS toleo la 4 haiandikishwi na rpc.mountd, hivyo haimo kwenye rmtab. Fundi anaona hakuna mtu, anatoa diski, na watu 10 wanapoteza faili walizokuwa wakifanyia kazi. Kwa toleo la 4 angalia /proc/fs/nfsd/clients, inayopatikana kuanzia kerneli (kiini cha Linux) 5.3. Kila mteja ana folda yake ya namba, na ndani yake faili la info lenye anwani. Usishtuke ukimkuta mteja aliyezimwa tangu asubuhi: kuanzia kerneli 5.19 seva humvumilia aliyenyamaza hadi saa 24, mradi hakuna mwingine anayehitaji faili alizozifunga.

Kwa mabaki ya toleo la 3, anza na nakala:

cp -p /var/lib/nfs/rmtab /root/rmtab.nakala

Kisha angalia nani ameunganishwa kweli:

ss -tn state established '( sport = :2049 )'

Usiangalie mara moja ukaridhika. Mashine ya Linux ya toleo la 3 isipogusa folda kwa dakika 5 hivi hukata muunganisho yenyewe, ingawa folda bado imemauntiwa. Angalia asubuhi, mchana na jioni, na anwani yenye shaka ifuate hadi kwenye meza yake, uandike amri ya mount pale. Kazi hii inachosha, lakini hakuna njia ya mkato ninayoiamini.

Ukishathibitisha, futa anwani moja moja:

sed -i '/^192\.168\.10\.24:/d' /var/lib/nfs/rmtab

Alama ya ^ mwanzoni, mikwaju kabla ya nukta na nukta mbili mwishoni vyote vina kazi. Ukiandika 192.168.10.2 bila nukta mbili, utafuta pia .20 hadi .29 na .200 na kuendelea. Fanya ufutaji huu wakati hakuna anayemaunti, maana rpc.mountd nayo huandika faili hilohilo. Usiizime ili uhariri: kwenye mifumo mingi ya systemd (programu inayosimamia huduma za Linux), ukisimamisha nfs-mountd unasimamisha na nfs-server.

Ukiamua kuanza upya kabisa, tumia truncate -s 0, amri inayolifanya faili liwe tupu, kwenye rmtab tu. Tafadhali usifute /var/lib/nfs yote. Folda ya sm iliyomo ndani huhifadhi majina ya mashine za kuarifiwa seva ikirudi, ili zidai tena kufuli za faili zao. Ikipotea, watu wawili wanaweza kuandika faili moja kwa pamoja.

Kama showmount -a inakwama kabla ya kujibu, tazama /etc/nfs.conf. Ukikuta reverse-lookup=y chini ya [mountd], seva inatafuta jina la kila anwani kwenye DNS (huduma ya majina ya mashine), hata za mashine zilizokufa. Iondoe.

Ili mabaki yasirudi, zipe kompyuta za mezani anwani zisizobadilika kwenye DHCP, kisha weka vers=4.2 kwenye /etc/fstab ya kila mashine. Baadaye unaweza kuzima toleo la 3 kwa vers3=n chini ya [nfsd] kwenye /etc/nfs.conf ya seva. Kabla ya hapo endesha nfsstat -s, amri ya takwimu za seva, siku mbili tofauti. Namba za sehemu ya v3 zikiendelea kupanda, bado kuna kifaa kinachoitumia, na ukizima kitakatika.