Maswali ya Wasomaji: Kigali kwa Siku Sita na Shilingi 370,000

Katika toleo lililopita niliandika ukurasa mmoja kuhusu safari niliyoifanya peke yangu wakati wa likizo ya Juni, kutoka Dodoma hadi Kigali na kurudi, kwa mabasi ya kawaida na kwa fedha za mshahara wa mwalimu. Barua zilizofika ni nyingi kuliko nilivyotarajia. Nimechagua zile zinazouliza mambo ambayo ukurasa ule haukuyatosha, na mengine niliyoyapita kwa haraka pasipo sababu nzuri.

Umetuambia kwamba ulitumia shilingi 370,000 kwa siku sita katika nchi ya watu. Mimi naona hesabu hiyo haitoshi hata kwenda Dar es Salaam na kurudi kwa heshima. Tupe mchanganuo.
*Msomaji wa Chang'ombe, Dodoma*

Hesabu inatosha, ila neno "heshima" tutalielewa tofauti. Nauli ya kutoka kituo cha Nanenane hadi Kahama ilikuwa shilingi 35,000, na gesti niliyolala pale Kahama ilinigharimu 20,000. Kesho yake nililipa 18,000 hadi mpakani Rusumo, kisha faranga 5,000 za Rwanda hadi Kigali. Na kwa kuwa siku zile faranga moja ilikuwa chini kidogo ya shilingi 2, hiyo ni kama shilingi 9,500. Zidisha yote hayo mara mbili, maana nilirudi kwa njia ileile na kulala tena Kahama. Chumba cha Nyamirambo, mtaa wa Kigali nilikolala, kwa usiku tatu kilikula kama shilingi 85,000. Chakula na usafiri wa ndani ya jiji kwa siku zote sita havikuvuka shilingi 100,000. Pasipoti sikuihesabu, kwani nilikuwa nayo tayari. Asiyekuwa nayo aongeze shilingi 150,000 za ada.

Ukijumlisha utaona kwamba zinabaki kama shilingi 20,000 zisizo na maelezo. Hizo sikuzitumia, nilizipoteza. Mpakani nilibadilisha fedha kwa kijana mmoja aliyekuwa akizunguka na bunda mkononi, ambaye alinihesabia mbele ya macho yangu, nami nikaridhika. Nilipofika Kigali nikagundua kwamba noti mbili za faranga 5,000 zilikuwa zimekunjwa katikati ndani ya bunda, kwa hiyo kila moja ilihesabika mara mbili. Miaka ishirini nafundisha hisabati.

Kuna mabasi ya moja kwa moja yanayotoka Dar es Salaam kwenda Kigali yakipita Dodoma, nayo yangeniokolea gharama ya kulala njiani. Sikuyapanda kwa sababu nilitaka kuiona barabara kwa mwanga wa mchana: mteremko wa Sekenke, tambarare ya Igunga, na mahali ambapo, baada ya Nyakanazi, nchi inaanza kujikunja kuwa vilima.

Habari za kazi, Mwalimu. Binti yangu ana umri wa miaka 24 na baada ya kukusoma anataka kufanya safari kama hiyo peke yake. Baba yake amekataa kabisa. Mimi niko katikati. Je, ungemruhusu wa kwako?
*Mama wa Kondoa*

Nzuri, mama mwenzangu. Wa kwangu ningemruhusu, lakini ningemtaka aahidi kitu kimoja ambacho mimi mwenyewe sikukifanya: afike kukiwa na mwanga.

Rwanda iko nyuma yetu kwa saa moja. Nilipokuwa nikipanga safari nilifurahi kwamba nikivuka daraja la mpakani nitazawadiwa saa nzima, na kwa hiyo nikiondoka Rusumo saa tisa alasiri kwa saa zao ningefika mjini jioni, kama nitokavyo shuleni. Nilichosahau ni kwamba saa ya ukutani inabadilika lakini jua halibadiliki. Kigali giza huingia mara tu baada ya saa kumi na mbili jioni, mwaka mzima, kwa kuwa nchi ile ipo karibu sana na Ikweta. Nilishuka kwenye stendi ya Nyabugogo saa kumi na mbili na nusu ya kwao, usiku umekwisha kuingia, watu wamejaa, waendesha pikipiki wananiita kwa lugha nisiyoijua, na betri ya simu imebaki asilimia chache. Hakuna aliyenigusa wala kunisumbua. Hata hivyo hofu niliyokuwa nayo kwa dakika zile ishirini, hadi kijana wa mwenyeji wangu alipokuja kunichukua, sitaki binti yako aipate. Alale Kahama, aondoke na gari la kwanza, asizubae mpakani, na chumba awe amekipanga kwa simu kabla ya kuondoka nyumbani.

Hatari ya kweli iliyonikaribia ilikuwa nyingine. Rwanda magari hupita upande wa kulia wa barabara. Siku ya kwanza nilitazama kulia kama nilivyozoea, nikaona pameachwa wazi, nikashusha mguu, na pikipiki ikanipita kutoka kushoto umbali wa mkono mmoja. Mwambie atazame kote kote, na atazame tena.

Kila anayetoka Kigali anatuimbia usafi. Je, ni kweli, au ni macho ya mgeni? Na kama ni kweli, sisi wa Dodoma tunashindwa nini?
*Msomaji wa Dodoma Makulu*

Ni kweli, na swali lako la pili ndilo lililonikaa kichwani siku zote tatu.

Bila kupanga, nilifika Ijumaa inayotangulia Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Asubuhi nilitoka kutafuta chai nikakuta maduka yamefungwa, hakuna pikipiki wala daladala, na mtaa mzima umenyamaza. Ilikuwa umuganda, yaani kazi ya pamoja ya wananchi, inayofanyika kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi kuanzia saa mbili hadi saa tano asubuhi. Mwenyeji wangu, mama mjane anayezungumza Kiswahili kizuri kuliko wanafunzi wangu wengi, alikuwa akitafuta jembe lake. Aliniambia kwamba mgeni halazimiki. Nikaona aibu kubaki ndani nikinusa jiko lisilowashwa, nikaomba fagio.

Tulizibua mtaro wa maji ya mvua kwa saa mbili na nusu. Fundi cherehani alikuwepo, mwanafunzi wa chuo alikuwepo, na mzee mmoja aliyevaa koti la suti alikuwa akikusanya majani kwa mikono. Kazi ilipokwisha watu walikaa chini wakafanya mkutano ambao mwenyeji wangu alinitafsiria vipande vipande: taa ya njiani iliyoungua, watoto wanaochelewa shule, na jirani anayemwaga maji machafu barabarani. Jirani huyo alikuwa ameketi palepale. Alijitetea, akashindwa, akaahidi.

Basi nisingependa kusema kwamba wenzetu ni wasafi kwa asili na sisi ni wachafu kwa asili, kama wasemavyo baadhi ya wasafiri wakirudi. Nilichokiona ni kazi, na kazi ina wanaoifanya. Siku za kawaida, kabla jua halijachomoza, wanawake wenye mafagio marefu huwa wamekwisha maliza barabara kuu, na mtalii anayeamka saa tatu huona matokeo tu. Mifuko ya plastiki walikwisha ipiga marufuku mwaka 2008; sisi tulifuata tarehe 1 Juni 2019, na mimi mwenyewe, nikifungasha karanga za zawadi usiku wa kuondoka, nilijikuta nimezitia kwenye vifuko laini vilevile ambavyo soko letu la Sabasaba bado linavitoa bila haya. Nikazihamishia kwenye bahasha za karatasi.

Lipo pia suala la nafasi, ambalo watu hawalitaji. Rwanda nzima ina kilomita za mraba 26,338. Mkoa wetu wa Dodoma peke yake una 41,311. Kwa sensa zilizofanyika katika nchi zote mbili Agosti 2022, wao walikuwa zaidi ya milioni 13.2, sisi wa mkoa huu tukiwa milioni 3 na laki moja hivi. Anayeishi kwenye kilima chenye nyumba juu yake na nyumba chini yake akitupa taka, zinamwangukia mtu anayemjua kwa jina. Sisi tuna pori la kutupia, na upepo wa Julai unazipeleka kwa mwingine.

Je, umuganda ungewezekana Nzuguni, hapa kwetu Dodoma? Utaratibu wa kufanya usafi Jumamosi tunao. Mkutano wa baada ya usafi, ambao jirani anaulizwa mbele ya jirani, huo sijauona.

Ulizungumza lugha gani?
*Msomaji wa Singida*

Kiswahili, karibu siku nzima, kwa sababu nililala Nyamirambo, mtaa wenye Waislamu wengi ambako Kiswahili kimezungumzwa vizazi na vizazi. Mwaka 2017 bunge la Rwanda lilikifanya kuwa lugha rasmi, lakini usidhani kwamba ukivuka daraja kila mtu atakujibu. Vijana wa katikati ya mji walinijibu kwa Kiingereza, na wazee wawili kwa Kifaransa, nikabaki nikitabasamu. Jifunze kusema "amakuru", ambayo ni habari, na "murakoze", yaani asante. Maneno hayo mawili yalinipunguzia bei ya ndizi.

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa historia hapa Chuo Kikuu cha Dodoma. Uliandika sentensi moja tu kuhusu kumbukumbu ya mauaji ya kimbari. Kwa nini?
*Msomaji wa UDOM*

Marahaba, mwanangu. Kwa sababu nilikuwa sijapata maneno. Nitajaribu.

Kumbukumbu iko kwenye kilima cha Gisozi na ilifunguliwa mwaka 2004. Kuingia ni bure. Chini ya mabamba makubwa ya saruji, nje ya jengo, wamezikwa zaidi ya watu 250,000 waliouawa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, yaliyoanza Aprili 1994 na kudumu kwa takribani siku mia. Ndani kuna chumba cha picha za watoto. Kila picha ina maelezo mafupi: jina, umri, chakula alichokipenda, namna alivyouawa. Nilisoma mbili nikatoka.

Wewe wa historia utakumbuka kwamba mkataba uliokusudiwa kuleta amani ulitiwa saini Arusha Agosti 1993, na kwamba mahakama ya kimataifa iliyowahukumu wahusika ilikaa Arusha hiyohiyo hadi mwaka 2015. Mimi niliyajua hayo kwa kuyasoma. Lililonishika ni barabara. Mchana uliotangulia nilikuwa nimepita Benaco, wilayani Ngara, nikinunua mahindi ya kuchoma dirishani, kisha nikavuka daraja la Rusumo juu ya mto Kagera kwa mguu, nikisimama kupiga picha ya maporomoko. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka mahali hapo kuingia kwetu ndani ya saa ishirini na nne, na kwenda kupiga kambi palepale Benaco. Wakati ule nilikuwa shule ya msingi. Nakumbuka tukiambiwa tulete nguo kuukuu, nami nilileta sketi iliyonibana.

Kwa nini uende nje ilhali michoro ya kale ya miambani ya Kolo, ambayo dunia nzima imeitambua tangu 2006, iko hapa mkoani na watu wetu hawajaiona?
*Msomaji wa Mpwapwa*

Nimeiona mara tatu, mbili kati ya hizo nikiwa na wanafunzi. Andika na wewe ulivyoiona.

Watu wa huko wanakula nini, na je, utarudi?
*Msomaji wa Bahi*

Nilikula ndizi, maharage, viazi, mishikaki ya mbuzi, na isombe, ambayo ni kisamvu kilichopondwa hadi kikalainika kabisa. Kwa sisi tuliokulia ugali wa uwele na mlenda, hakuna cha kutisha. Kilichonifurahisha zaidi ni vibanda vya maziwa: unaingia, unakaa kwenye benchi, unachagua ya moto au ya mgando, unapewa bilauri kubwa na andazi, na hakuna anayekuharakisha. Mtu wa Ugogo akiona watu wazima wameketi kimya wakinywa maziwa saa nne asubuhi anajiona yuko kwao.

Kurudi nitarudi. Mwenyeji wangu alizipenda karanga kwa adabu tu, kisha akaniuliza kama ni kweli kwamba Dodoma zabibu zinaota kama mchicha. Nimemwahidi kwamba nitamletea za msimu wa Agosti na Septemba. Mpaka sasa sijui nitazifungasha katika kitu gani ili zifike nzima baada ya siku mbili za basi, na bila plastiki. Nimejaribu kikapu cha ukindu kutoka hapa hadi Manyoni, zikafika juisi.