Muulize Mwalimu: Watoto watatu, Firauni mmoja

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nawasomesha wanangu nyumbani. Wa kwanza ana miaka 17, wa pili 14, kitindamimba 12. Kwenye hesabu na lugha kila mmoja ana kitabu chake na tunakwenda vizuri. Kinachonishinda ni historia ya kale. Nikishuka kwa mdogo, mkubwa ananuna kwamba namfanya mtoto. Nikipanda kwa mkubwa, mdogo anapotea njiani. Wa kati ndiye kabisa, anasinzia hata nisome nini. Niwatenganishe, kila mtu na zama zake?
*Mama wa Watatu*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usiwatenganishe. Kosa hilo nimeshalifanya mimi, halina haja ya kurudiwa. Nilipostaafu kufundisha nilikaa na wajukuu wangu watatu, waliopishana umri kama hao wako, nikajiona fundi: mdogo nikampa Sumeri, wa kati Misri, mkubwa Roma. Ratiba nikaipiga mistari kwa rangi tatu. Wiki ya tatu nikamsimulia wa kati, bila hata kupepesa macho, jinsi Hammurabi, mfalme wa Babeli, alivyotawala kando ya mto Nile huko Misri. Naye akaandika! Niligundua usiku nikisahihisha madaftari. Na kibaya zaidi ya hicho, wakati wa kula hakuna aliyekuwa na la kumuuliza mwenzake, maana kila mmoja alikuwa anaishi na watu ambao mwenzake hawajui.

Tenganisha kazi, kisa kiwe kimoja. Tafuta kitu kilichoachwa na watu wa kale wenyewe, iwe barua, sheria, hesabu ya mazao au malalamiko, mkisome pamoja, halafu kila mtoto apewe swali la umri wake. Kitabu cha kiada kifunguliwe baadaye, wakishakuwa na hamu ya kujua kilitokea nini.

Mimi nilianza upya na mgomo. Huko Misri, katika kijiji kinachoitwa leo Deir el-Medina, ng'ambo ya mto Nile kutoka mji wa Thebes, waliishi mafundi waliochonga na kupamba makaburi katika Bonde la Wafalme. Ujira wao ulikuwa nafaka: fundi wa kawaida alistahili magunia 4 ya ngano na gunia moja na nusu la shayiri kwa mwezi. Mwaka wa 29 wa utawala wa Firauni Ramesses III, yaani kama 1157 KK, posho ikachelewa. Mafundi wakaweka zana chini, wakapita vizuizi vya walinzi, wakaenda kuketi nyuma ya hekalu. Walisema wameletwa hapo na njaa na kiu: nguo hakuna, mafuta hakuna, samaki hakuna, mboga hakuna, na Firauni apelekewe habari. Haya tunayajua kwa sababu yaliandikwa kwenye karatasi ya mafunjo, na karatasi hiyo ipo hadi leo katika jumba la makumbusho huko Turin, Italia.

Mjukuu wangu wa kati, msinziaji kama wako, akainua kichwa. "Kwani Firauni anagomewa?" Siku hiyo usingizi ulimruka.

Mdogo nilimpa hesabu. Gunia lao lilichukua lita kama 76, basi fundi alistahili lita ngapi kwa mwezi? Alipata 418, akakataa kwamba kuna familia inayoweza kula zote hizo. Akauliza zinazobaki zinakwenda wapi. Hapo tukaingia, bila mimi kupanga, kwenye nchi isiyokuwa na sarafu, ambako nafaka ya ziada ndiyo ilinunua viatu, kitanda, hata punda. Wa kati aliandika mabishano kati ya fundi mmoja na ofisa aliyetumwa kuwatuliza, nami nikamwekea sharti moja tu: ofisa naye awe na hoja, asiwe mjinga.

Mkubwa nikamfungulia picha za Medinet Habu, hekalu la Ramesses huyohuyo, ambako kuta zinamwonyesha akiwapiga maadui waliokuja kwa bahari. Kwenye jiwe mfalme anashinda, kwenye mafunjo wafanyakazi wake wana njaa. Nikamuuliza kila kimoja kiliandikwa ili nani asome. Na karani Amennakht, anayeaminiwa kuwa ndiye aliyeandika habari za mgomo, alikuwa mkazi wa kijiji kilekile, je, tumhesabu kuwa shahidi au mhusika? Nilitaka ukurasa mmoja, akaniletea mitatu. Hakulalamika tena kwamba anafanywa mtoto.

Mkubwa wako akidai hayo ni mepesi, mpe vita vya Kadesh, mji wa kale katika Syria ya leo. Mwaka 1274 KK Firauni Ramesses II alipigana huko na Muwatalli II, mfalme wa Wahiti, watu wa Uturuki ya leo, kisha akarudi nyumbani kuchonga kwenye mahekalu kwamba ameshinda, karibu peke yake. Kadesh yenyewe ilibaki mikononi mwa Wahiti. Miaka kama 15 baadaye pande hizo ziliandikiana mkataba wa amani, na maneno ya pande zote mbili yamehifadhiwa: ya Kimisri yanasema Wahiti ndio waliokuja kuomba amani, ya Kihiti yanasema Wamisri ndio waliotuma wajumbe. Wakubwa wawili wawe mawakili, mdogo awe hakimu. Ujiandae, mahakimu wa miaka 12 ni wakali.

Kuhusu ratiba sina mengi. Siku mbili kwa wiki wote pamoja, kama dakika 40 hivi, siku nyingine kila mtu na kazi yake. Ila naomba sana, usimgeuze mkubwa kuwa mwalimu msaidizi. Ni kishawishi kikubwa siku umechoka, nakijua. Lakini atajifunza kusimulia tu yale anayoyajua tayari, na wadogo watamchukia yeye pamoja na Misri yake.

SWALI: Mwalimu, binti yangu wa miaka 13 hakubali kwamba 500 KK ni baada ya 1200 KK. Nimechora mstari ubaoni mara nne. Mdogo wake wa miaka 11 anaelewa, na jambo hilo linazidi kumuudhi.
*Baba wa Mabinti Wawili*

JIBU: Futa mstari, mpe mtu. Augustus wa Roma alizaliwa Septemba 63 KK, akafariki Agosti mwaka 14 BK. Alikuwa na umri gani? Wote wawili watajumlisha wapate 77, na wote watakuwa wamekosa, kwa hiyo kwa mara ya kwanza watakuwa sawa. Hakuna mwaka sifuri. Baada ya 1 KK unafuata 1 BK, basi punguza moja. Kisha watazame miezi: alikufa akiwa na miaka 75, umebaki mwezi mmoja na siku chache atimize 76.

Akiendelea kujiona mjinga, msimulie habari za Nabonidus, mfalme wa Babeli kuanzia 556 hadi 539 KK. Alikuwa na tabia ya kufukua misingi ya mahekalu ya zamani kutafuta majina ya waliojenga. Akaupata msingi wa Naram-Sin, mfalme wa kale wa Akkad, akatangaza kwamba haukuwa umeonekana kwa miaka 3200. Ilikuwa kama 1700 tu. Mfalme mzima, mwenye makarani, alizidisha miaka 1500.

SWALI: Shikamoo Bibi. Nina miaka 15, nasomea nyumbani na kaka yangu wa miaka 18. Tukifika Afrika ya kale ni Misri, Misri, Misri. Kaka anasema wengine hawakuandika. Ni kweli?
*Binti Mdadisi*

JIBU: Marahaba, mjukuu wangu. Mpeleke kaka yako Kushi, kusini ya Misri, katika Sudan ya leo. Mfalme wake Piye aliiteka Misri katika karne ya 8 KK, akaacha jiwe refu la maandishi huko Jebel Barkal. Aliandika kwa maandishi ya Kimisri, lakini anayesema ni Mkushi, na Wamisri ndio walioshindwa. Tafuteni sehemu ya mji wa Hermopolis. Baada ya mfalme wa mji huo kusalimu amri, Piye anaingia ikulu, wanawake wa nyumba wanakuja kumsalimu, yeye hata hawaangalii. Anakwenda zizini. Anawakuta farasi wamekonda kwa njaa, anaapa kwamba hilo limemuuma kuliko makosa mengine yote ya mwenyeji wake. Na si maneno matupu, kwani katika makaburi ya el-Kurru, alikozikwa yeye na jamaa zake, wamefukuliwa farasi waliozikwa wakiwa wamesimama.

Kaka yako akiguswa na huruma ya mfalme huyo, muulize farasi wale walikosa chakula kwa sababu gani. Mji ulikuwa umezingirwa. Halafu muulize aliyeuzingira ni nani.