Kwa sababu au kwa sababu ya? Tazama kinachofuata

SWALI: Kazini huandika taarifa kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Katika taarifa ya juzi niliandika, "Kwa sababu ya dereva alichelewa, kikao kilianza saa nne," na upande wa Kiingereza, "Because of the driver was late, the meeting started at ten." Zote mbili zilirudi zimepigwa wino mwekundu, pamoja na "despite of the rain" na "although the road is bad, but vehicles are passing." Sikuelezwa kosa ni lipi. Nitajuaje pa kuweka "of" na pa kuiacha?

JIBU: Tuanze na sentensi ya Kiswahili, maana kosa lake na la ile ya Kiingereza ni moja. "Sababu" ni nomino ya ngeli ya I-ZI, na "ya" inayoifuata ni ile ile ya "nyumba ya mwalimu" na "chai ya maziwa". Kazi yake ni kufunga nomino kwa nomino. Kwa hiyo baada ya "ya" lazima ije nomino au kitu kinachoweza kukaa mahali pa nomino. "Dereva alichelewa" si nomino. Ni kishazi kizima: kina kiima, na kina kitenzi chenye kiambishi cha nafsi na cha wakati. Ndiyo maana msomaji anakwama hapo. "Ya" imemwahidi nomino, naye anapewa kishazi.

Sentensi hiyo inarekebishika kwa njia tatu. Unaweza kuitoa "ya": "Kwa sababu dereva alichelewa." Unaweza kuiacha na kukigeuza kitenzi kuwa kitenzi-jina: "Kwa sababu ya kuchelewa kwa dereva." Au ukasema, "Kwa sababu ya dereva kuchelewa." Zote ni Kiswahili safi. Ya kwanza ni nyepesi na inafaa mahali pengi. Ya pili ina sura ya kiofisi, lakini ukizipanga tatu nne katika aya moja, taarifa inakuwa nzito na msomaji hajui tena nani kafanya nini. Kwa hiyo mimi huchagua ya kwanza kila inapowezekana.

Sasa Kiingereza. "Because" zamani lilikuwa maneno mawili, "by cause", yaani kabisa kama "kwa" na "sababu" yetu, kisha yakagandana. Na "of" hapo inafanya kazi ya "ya". Basi sheria ni ile ile. "Because of" ni kihusishi, hufuatwa na nomino: "because of the rain", "because of the delay", "because of the driver's late arrival". "Because" peke yake ni kiunganishi, hufuatwa na kishazi: "because the driver was late".

Unapoandika na ukasita, soma maneno yanayofuata hadi kwenye mkato au nukta, utafute kitenzi kilichobeba wakati. Katika Kiswahili kitakuwa na -na-, -li-, -me- au -ta-. Katika Kiingereza kitakuwa kama "is", "was", "came", "has arrived". Ukikikuta, tumia kiunganishi. Usipokikuta, tumia kihusishi. Ku- haibebi wakati, na vivyo hivyo neno la Kiingereza linaloishia na -ing likiwa peke yake. Kwa hiyo "because of flooding" ni sawa, kama ilivyo "kwa sababu ya kufurika kwa mto".

Kipimo hiki kina mtego mmoja, na wengi wanaojua sheria vizuri hunaswa nao. Linganisha "kwa sababu ya dereva alichelewa" na "kwa sababu ya dereva aliyechelewa". Ya pili ni sahihi ingawa ina -li-, kwa kuwa kile kirejeshi -ye- kimekifanya kitenzi kuwa sifa ya dereva. Kinachofuata "ya" ni nomino pamoja na maelezo yake. Kiingereza kinafanya hivyo hivyo kwa "who", "which" na "that": "because of the driver who was late" ni sahihi. Kitenzi kilichomo ndani ya maelezo ya aina hiyo usikihesabu. Tofauti ya maana nayo ipo: wa kwanza analaumu kitendo cha kuchelewa, wa pili anamlaumu dereva mwenyewe, na katika taarifa ya kazi hilo si jambo dogo.

"Despite of" ni tunda la "licha ya". Kiswahili kina "ya", na Kiingereza nacho kina "in spite of", basi mkono unaongeza "of" pasipohitajika. "Despite" haichukui "of" kamwe: "despite the rain", au "in spite of the rain". Kikifuata kishazi, viache vyote viwili uchukue "although": "although it rained". Sisi hapo husema "ingawa", "ijapokuwa" au "japo". Kama unaipenda "licha ya" na bado una kishazi mkononi, weka "kuwa" katikati: "licha ya kuwa mvua ilinyesha". Kiingereza nacho kina daraja kama hilo, "despite the fact that it rained", ila ni refu bila faida.

Kuhusu "although" na "but": Kiswahili hakituzuii kusema "Ingawa barabara ni mbovu, lakini magari yanapita." Inasemwa kila siku na inaeleweka. Kiingereza sanifu hakikubali. Ukishaweka "although", kishazi cha kwanza kimekuwa tegemezi, kinaegemea cha pili. Na "but" kazi yake ni kuunganisha vishazi viwili vilivyo sawa kwa hadhi. Vyote viwili havikai pamoja. Andika "Although the road is bad, vehicles are passing," au "The road is bad, but vehicles are passing." Ndivyo ilivyo pia kwa "because" na "so". "Because the bridge was closed, so we turned back" ina kiunganishi kimoja cha ziada; futa chochote kati ya viwili hivyo. Angalia mkato vilevile: kishazi tegemezi kikitangulia, weka mkato mwishoni mwake; kikija nyuma, mara nyingi hauhitajiki. "Vehicles stopped because the bridge was closed" haina mkato.

Kundi jingine linalosumbua ni la wakati, na hapa Kiingereza hakina ukawaida. "After", "before", "until" na "since" hufanya kazi zote mbili bila kubadilika: "after the meeting" na "after we met", "since morning" na "since he left". Hapo huna cha kuhofia. Lakini "during" ni kihusishi tu na "while" ni kiunganishi tu. Sisi tunatumia mzizi mmoja, "wakati wa kikao" na "wakati tulipokuwa kikaoni", na kwa sababu hiyo ni rahisi kuteleza na kuandika "during we were in the meeting". Sahihi ni "while we were in the meeting" au "during the meeting". Wala "during" haitaji urefu wa muda. Hujibu swali la lini. Muda gani hujibiwa na "for": "for three days", siyo "during three days".

"Before" inahitaji uangalifu wa pekee, kwani lugha hizi mbili zinatazama jambo lile lile kutoka pande tofauti. Kiswahili hutumia ukanushi: "Tulipanga viti kabla mgeni hajafika." Wakati viti vinapangwa, mgeni alikuwa bado, nasi tunalisema hilo. Kiingereza hakikanushi: "We arranged the chairs before the guest arrived." Anayebeba ukanushi wetu huandika "before the guest had not arrived", na msomaji wa Kiingereza hawezi kujua mgeni alifika au la. Kosa la upande wa pili nalo limeenea, na linaniuma zaidi kwa sababu linaharibu lugha yetu wenyewe: "kabla mgeni alifika", "kabla ya mgeni alifika". Chagua "kabla mgeni hajafika" au "kabla ya mgeni kufika". "Baada ya" nayo haipokei kishazi chenye wakati. "Baada ya mgeni alifika" si sahihi. Sema "baada ya mgeni kufika" au "mgeni alipofika".

Kwa mambo yajayo, jihadhari na "will". Tunaposema "Subiri hadi atakapofika," -ta- iko mahali pake, kama ilivyo sahihi kusema "hadi afike". Baada ya "until", "before", "after" na "when" za wakati, Kiingereza huweka wakati uliopo: "Wait until he arrives," siyo "until he will arrive". Kama umezoea kutafsiri neno kwa neno, chunguza kila "will" iliyo upande huo wa sentensi.

Hukuuliza kuhusu barua, ila anayeandika taarifa huandika na barua, na sentensi ya mwisho ya barua nyingi za Kiingereza ina kosa hili hili: "I look forward to hear from you." Hapa "to" ni kihusishi, si ile inayotangulia kitenzi kama ku- yetu. Ili kuijua, weka nomino mahali pa kitenzi. "I look forward to your reply" inakubalika, basi "to" hiyo inataka nomino, na kitenzi kikija lazima kivae -ing: "I look forward to hearing from you." Jaribu hivyo kwenye "I want to hear from you" uone: "I want to your reply" haiwezekani, kwa hiyo hapo kitenzi kinabaki kama kilivyo. "Used to" ya mazoea, kama katika "I am used to waking early", na "in addition to" zimo katika kundi la kwanza.