Wiki ya kwanza bila chapati

Siku ya tatu ndiyo iliyonitoa jasho. Saa nne asubuhi, kichwa kinagonga, mwili mzito, na jirani yangu hapa Chikongola, Mtwara, anageuza chapati. Harufu yote inaingia dirishani kwangu. Nikasimama pale kama paka wa sokoni.

Nilikuwa nakula ngano kutwa: maandazi asubuhi, chapati mchana, tambi usiku. Niliacha kwa sababu tumbo lilikuwa linajaa gesi kila nikila. Kosa langu la kwanza, niliacha kabla ya kupima. Kipimo cha damu cha ugonjwa wa siliaki (ule ambao ngano huufanya mwili ushambulie utumbo wake wenyewe) hutafuta kingamwili ambazo mwenye ugonjwa huo huzitoa akila ngano. Ukishaacha kwa muda, majibu yanaweza kutoka safi na ugonjwa unao. Pima ungali unakula.

Kosa la pili, niliacha ngano, sukari na chai siku moja. Kichwa kile nadhani kilikuwa kinadai chai kuliko andazi, maana kafeini ukiikata ghafla kichwa huuma siku kadhaa. Na wanga ukipungua ghafla, mwili hupoteza maji na chumvi. Nilirudisha kikombe kimoja cha chai ya rangi asubuhi, mchana supu ya samaki yenye ndimu na chumvi ya kutosha (mwenye presha asinifuate hapo). Jioni nilikuwa mtu.

Hamu nayo ina saa yake. Yangu ni saa nne, basi natoka nyumbani nimeshiba muhogo wa nazi. Ming'oko, vile viazi vya porini, ikipatikana, ndiyo dawa yenyewe: unamenya kwa vidole, unachovya kwenye chumvi na pilipili, mdomo una kazi. Ukimaliza, andazi hulikumbuki. Wiki ya pili kichwa kilishatulia, hamu ikabaki ya kupita tu.

Kilichonichelewesha ni vitumbua. Nilivila kwa raha zote nikijua ni mchele mtupu, mpaka nilipomkuta mama muuzaji anatia konzi mbili za unga mweupe.

"Shikamoo mama. Huo unga wa nini?"

"Marahaba. Ngano kidogo mwanangu, vishikane."

Sasa nampelekea mchele wangu nimeshauloweka. Anausaga, ananichomea vyangu kwanza, kabla hajagusa unga wake.